Uti wa mgongo usio na vijidudu kwa wenye lupasi na magonjwa ndugu zake: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nina lupasi, ugonjwa ambao kinga ya mwili inaupiga mwili wenyewe, na huu ni mwaka wa 11. Nimelazwa mara mbili kwa homa ya uti wa mgongo, na mara zote mbili maabara haikuotesha kijidudu chochote. Kilichoniangusha ni vidonge vya maumivu, vile ambavyo karibu kila nyumba inavyo kwenye droo. Tangu hapo, siku za kliniki tukiwa kwenye benchi tunasubiri kuitwa, wenzangu huniuliza maswali yaleyale. Nimeyakusanya hapa pamoja na majibu niliyoyapata kwa madaktari wangu na kwa kusoma. Mimi ni mgonjwa, si daktari.

Kama wewe au ndugu yako ana homa sasa hivi, kichwa kinauma kupita kawaida na shingo imekaza, acha kusoma uende hospitali. Ukurasa utaukuta.

Uti wa mgongo usio na vijidudu ndio ugonjwa gani?

Ubongo na uti wa mgongo vimefunikwa na utando wa tabaka tatu, na ndani yake kuna maji maangavu yanayozunguka muda wote. Utando huo ukivimba, hiyo ndiyo meninjitisi, ambayo sisi tumezoea kuiita homa ya uti wa mgongo. Mtu akisikia jina hilo anafikiria bakteria, na ana haki, kwa sababu ya bakteria ndiyo inayoua haraka. Lakini utando huo unaweza kuvimba kwa sababu nyingine pia: virusi, dawa, saratani, au kinga ya mwili iliyogeuka kumpiga mwenyewe.

Daktari wa Uswidi, Arvid Wallgren, ndiye aliyeitenga aina hii mwaka 1925 na kuipa jina lake. Jina lenyewe linachanganya watu. "Isiyo na vijidudu" maana yake ni kwamba maji ya mgongo yalipopandwa maabara, bakteria wa kawaida hawakuota. Halisemi kwamba hakuna kitu kabisa. Virusi havioti kwenye kipimo hicho, na kifua kikuu cha ubongo huchukua wiki kadhaa kuota. Kwa hiyo ukiambiwa "hatujaona vijidudu", usishangilie mapema. Ndipo upelelezi unapoanza.

Kwa nini sisi wenye lupasi tunatajwa sana?

Lupasi ni ugonjwa wa tishu unganishi, yaani zile tishu zinazoushikanisha mwili: ngozi, viungo, kuta za mishipa ya damu. Nduguze ni ugonjwa wa Sjögren unaokausha macho na mdomo, baridi yabisi ya kinga, na ule ugonjwa mseto ambao mgonjwa ana dalili za lupasi zikichanganyika na za magonjwa mengine ya kundi hilo. Kwetu sisi utando wa ubongo unaweza kuvimba kwa njia tatu.

Njia ya kwanza ni ugonjwa wenyewe. Mwaka 1999 chama cha madaktari wa baridi yabisi cha Marekani kiliorodhesha hali 19 za ubongo, mishipa ya fahamu na akili ambazo lupasi inaweza kuzileta, na meninjitisi isiyo na vijidudu ni mojawapo. Si ya kawaida, lakini ipo. Njia ya pili ni dawa. Njia ya tatu ni maambukizi, kwa sababu dawa zetu za kutuliza lupasi, yaani prednisoloni, azathioprini, mikofenoleti na siklofosfamidi, zinaishusha kinga, na vijidudu ambavyo jirani yako hata havimgusi vinapata upenyo kwako.

Tatizo ni kwamba ukiwa kitandani njia zote tatu zinafanana. Homa ni ileile na shingo ni ileile.

Ni dawa zipi hasa?

Inayoongoza kwa mbali ni ibuprofeni, ambayo wengi tunaijua kwa jina la Brufen. Dawa hii iligunduliwa na Stewart Adams na wenzake kwenye kampuni ya Boots huko Nottingham, ikaanza kutumika Uingereza mwaka 1969. Haikupita hata miaka kumi, mwaka 1978 madaktari wa Marekani wakaripoti meninjitisi iliyotokana nayo kwa mgonjwa wa lupasi. Tangu wakati huo taarifa zimeendelea kuja. Mapitio yaliyochapishwa mwaka 2006 yalikusanya wagonjwa 36 waliopata meninjitisi ya ibuprofeni. Kati yao, kama 6 katika kila 10 walikuwa na magonjwa haya ya kinga, wengi wao lupasi. Kilichonigusa zaidi ni kwamba wagonjwa hao 36 walikuwa na matukio 71. Maana yake wengi waliugua, wakapona, wakameza tena, wakaugua tena. Nami ndivyo nilivyofanya.

Zipo nyingine za ukoo wa ibuprofeni: naproksini, diklofenaki, ketoprofeni, sulindaki. Halafu kuna Septrin (kotrimoksazoli, dawa ya salfa), amoksilini mara chache, lamotrijini ya kifafa, salfasalazini, azathioprini kwa nadra, na ile dripu ya kingamwili (IVIG, protini za kinga kutoka damu ya wachangiaji) wanayopewa baadhi yetu.

Inakuwaje kidonge cha kutuliza maumivu kilete uvimbe kwenye ubongo?

Wataalamu wanaona ni aina ya mzio. Kinga ya mtu huyo inaitambua dawa kama adui, pengine dawa ikiwa imejishika kwenye protini za mwili, na vita vinapiganiwa kwenye utando wa ubongo. Ndiyo maana wingi wa dozi hauna neno sana. Kidonge kimoja cha miligramu 200 kinatosha kwa mtu ambaye mwili wake umeshaikariri dawa. Na ndiyo maana mara ya pili huja kwa kasi kuliko ya kwanza.

Nimemeza ibuprofeni miaka mingi bila shida. Niogope?

Hofu haina haja, tahadhari inayo. Hali hii ni nadra, na wenye lupasi wengi wamemeza dawa hizi bila kupata meninjitisi. Lakini kuivumilia jana hakukupi hati ya kesho; wapo walioitumia kwa muda kabla mwili haujabadilika. Isitoshe, kwa sisi wenye lupasi iliyogusa figo, dawa za kundi hili zina kesi nyingine tofauti kabisa, zinaumiza figo. Kwa sababu hiyo peke yake unatakiwa kumuuliza daktari wako kabla ya kuzimeza.

Dalili zinaanzaje?

Nitaeleza zangu, maana ukizisoma kwenye orodha zinaonekana nyepesi.

Mara ya kwanza magoti yalinisumbua. Nikamtuma mtoto duka la dawa, akarudi na vidonge vinne kwenye kibahasha cha karatasi, juu kimeandikwa kwa kalamu "1x3", jina la dawa hakuna. Usiku ule nikapata homa na baridi ya kutetemeka mpaka kitanda kinagonga ukuta. Asubuhi siwezi kutazama dirisha, mwanga unachoma. Natapika. Nikijaribu kuinamisha kidevu kifuani, shingo inagoma kama imefungwa ubao nyuma. Nikalazwa, nikachomwa antibayotiki, nikapona haraka, nikaambiwa nimepona uti wa mgongo. Hakuna aliyeuliza habari ya kile kibahasha, na mimi sikukumbuka kukitaja.

Baada ya miezi miwili hivi nilikuwa na maumivu ya hedhi. Nilimeza kidonge kimoja baada ya chakula cha mchana. Kabla ya Magharibi nilikuwa natetemeka tena, macho mekundu, uso umevimba kidogo. Safari hii muuguzi wa zamu, mama mtu mzima, alivuta kiti akakaa.

"Mwanangu, leo umemeza dawa gani?"

"Sijameza dawa yoyote, mama. Zile za kliniki tu."

"Hata ya maumivu?"

"Ah, hiyo ya tumbo tu, kidonge kimoja."

"Hiyo nayo ni dawa. Kiko wapi kilichobaki?"

Nikamwaga mkoba kitandani. Akaokota kipande cha karatasi ya vidonge, akakigeuza kwenye taa kusoma maandishi madogo nyuma: ibuprofeni 400. Akaenda nacho moja kwa moja kwa daktari. Yule mama aliniokoa na mara ya tatu.

Kwa kawaida dalili huanza saa chache mpaka siku moja au mbili baada ya kumeza. Wengine hupata upele, macho mekundu, maumivu ya tumbo au ya misuli. Wengine huchanganyikiwa au kupata degedege, na hao wanahitaji kukimbizwa.

Ni lazima nichomwe sindano ya mgongo? Nimesikia inapoozesha.

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, nami nalijibu kirefu kwa makusudi. Nimeona ndugu wa mgonjwa wanakataa kusaini huku mgonjwa anazidiwa.

Kwa mtu mzima, uti wa mgongo wenyewe unaishia juu kidogo ya kiuno, kwenye usawa wa pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Sindano inaingizwa chini ya hapo, kati ya pingili ya tatu na ya nne, au ya nne na ya tano. Mahali pale uti haupo. Kuna nyuzi za mishipa ya fahamu zinazoelea majini, na sindano inapopita zinasogea. Watu wanaopooza baada ya kipimo hiki, mara nyingi ni ugonjwa ulioachwa ukaendelea, sindano ikabebeshwa lawama kwa kuwa ilikuwepo.

Hofu nyingine ni "watanimaliza maji". Mtu mzima ana kama mililita 150 za maji haya, na mwili hutengeneza karibu mililita 500 kila siku. Wanachochukua ni mililita chache kwenye vichupa vitatu au vinne. Baada ya saa moja hivi mwili umesharudisha.

Unalazwa ubavu, magoti unayavuta kifuani na kichwa unakiinamisha, kama mtoto alivyo tumboni. Dawa ya ganzi inawasha kidogo. Halafu unasikia msukumo mzito, si maumivu makali. Mimi nilimshika mkono mwanafunzi wa udaktari nikambana mpaka akacheka. Wengine huumwa kichwa siku moja mbili baadaye, hasa wakikaa au kusimama, kisha hupoa wakilala.

Kuna nyakati daktari ataomba kwanza picha ya CT ya kichwa: ukiwa umepoteza fahamu, umepata degedege, upande mmoja umelegea, au kinga yako iko chini sana. Hapo asilaumiwe kwa kuchelewesha sindano. Anachotakiwa kutochelewesha ni antibayotiki.

Maji hayo yanaonyesha nini?

Maji ya mtu mzima wa afya ni maangavu kama ya kunywa, chembe nyeupe hazizidi 5 kwenye kila maikrolita, na sukari yake ni kama theluthi mbili ya sukari ya damu. Kwenye meninjitisi ya dawa chembe nyeupe hupanda, mara nyingi kufikia mamia, protini nayo inapanda, lakini sukari kwa kawaida inabaki palepale. Kwenye ya bakteria na ya kifua kikuu, sukari hushuka.

Mtego upo kwenye aina ya chembe. Mtu angetegemea dawa ilete chembe za aina ya limfosaiti, kama virusi. Ibuprofeni mara nyingi huleta nyutrofili, zilezile za bakteria. Hata daktari mzoefu akiangalia karatasi ile anaona bakteria. Kwa hiyo maabara peke yake haitoshi kumaliza kesi. Historia ya dawa ulizomeza ndiyo nusu ya kipimo, na mwenye historia hiyo ni wewe.

Kwetu Afrika Mashariki omba pia, kwa adabu, kujua kama wamepima kriptokoka, ambayo ni fangasi, na kifua kikuu. Kipimo cha antijeni ya kriptokoka kinatoa jibu muda mfupi, na mashine ya GeneXpert inatafuta TB bila kusubiri kuotesha. Kriptokoka tunaihusisha na UKIMWI, lakini huwapata pia wanaotumia prednisoloni kwa wingi.

Kama ni dawa iliyosababisha, kwa nini wananichoma antibayotiki?

Kwa sababu saa ya kwanza hakuna anayejua. Bakteria wa uti wa mgongo hawasubiri majibu. Ukikosea upande huo mtu anakufa au anabaki kiziwi. Seftriaksoni, antibayotiki ya sindano, kwa siku mbili tatu, mpaka majibu ya kuotesha yatoke, ni gharama ndogo. Kubali sindano. Wakati huohuo mwambie daktari ulichomeza, ili majibu yakitoka safi ajue pa kugeukia.

Na usianze antibayotiki nyumbani. Ukimeza kabla ya kupimwa, bakteria waliopo wanaweza kufifia wasiote maabara, ukaitwa "usio na vijidudu" kumbe ulikuwa navyo.

Basi nikishuku ni ibuprofeni, si niache tu nisubiri nyumbani?

Hapana. Jibu la kwamba ni dawa hupatikana mwishoni, baada ya mengine yote kuondolewa. Mgonjwa wa lupasi mwenye homa na shingo ngumu anahesabika ana maambukizi mpaka ithibitike vinginevyo.

Inaambukiza?

Inayotokana na dawa au lupasi haiambukizi. Watoto wako walale na wewe.

Matibabu yake ni nini, na hupona kwa muda gani?

Dawa husika inasimamishwa, unapewa maji, dawa ya kuzuia kutapika na parasetamo. Homa kwa kawaida hushuka ndani ya siku moja mpaka tatu, na wengi hupona bila kubaki na kilema. Mimi siku ya tatu nilikuwa naomba uji wa ulezi.

Ikiwa ni lupasi yenyewe, kuacha dawa hakutasaidia. Hapo madaktari huongeza steroidi, yaani dawa za kundi la prednisoloni, wakati mwingine kwa mshipa. Tofauti hizi mbili ndizo zinazofanya iwe muhimu kutokukisia: ukimpa steroidi nyingi mtu mwenye TB ya ubongo ambaye hajaanza dawa za TB, umemmaliza.

Nikiwa nimeogopa, niache na prednisoloni na dawa zangu za kliniki?

Usithubutu. Mwili uliotumia prednisoloni kwa muda umeacha kutengeneza steroidi yake wenyewe. Ukikata ghafla, tena ukiwa na homa, presha inaweza kuanguka na ukapoteza maisha. Wanaokupokea hospitali waambie unatumia kiasi gani kwa siku, hata wasipouliza. Haidroksiklorokwini, dawa nyingine ya lupasi, nayo usiiache. Si mshukiwa hapa.

Nimepata ya ibuprofeni. Naweza kutumia diklofenaki badala yake?

Kuna waliobadilisha wasipate kitu, na kuna waliopata tena kwa dawa nyingine ya ukoo uleule. Kwa kuwa hakuna kipimo cha kukuambia wewe uko kundi gani, mimi na daktari wangu tuliamua ukoo mzima upigwe marufuku. Natumia parasetamo, kwa mtu mzima isizidi gramu 4 kwa siku, na chini ya hapo kama ini lina shida. Viungo vikizidi, naenda kliniki, kwa sababu maumivu yanayodai vidonge kila siku yanasema lupasi haijatulia.

Angalia vidonge vya mseto. Vipo vingi madukani vinavyouzwa kama dawa ya mafua, mgongo au hedhi, na ndani yake kuna parasetamo pamoja na ibuprofeni au diklofenaki. Jina la mbele halisemi; geuza nyuma usome. Ukikatiwa vidonge kwenye kibahasha, mwombe muuzaji aandike jina. Asipotaka, nenda duka jingine.

Natumia Septrin kila siku. Inanihusu?

Inakuhusu kwa kuijua tu. Wengi wanaoishi na VVU wanaimeza kila siku na inawalinda kweli. Usiiache kwa sababu ya ukurasa huu. Lakini mwenye lupasi anatakiwa kusema kabla hajaandikiwa dawa yoyote ya salfa, kwa sababu mbali na meninjitisi, salfa huleta mzio na kuamsha lupasi kwa baadhi yetu. Dawa mbadala zipo, na daktari ndiye atakayechagua.

Na ile dripu ya kingamwili?

Maumivu ya kichwa na shingo huja siku moja au mbili baada ya dripu, hasa dozi ikiwa kubwa na kwa watu wenye kipandauso. Safari inayofuata wataipitisha polepole, wakupe maji ya kutosha na parasetamo kabla. Mara nyingi haihitajiki kuiacha kabisa.

Niliambiwa uti wa mgongo wangu unajirudia tu bila sababu. Ni sawa?

Meninjitisi inayojirudia ipo; Pierre Mollaret, daktari wa Ufaransa, aliieleza mwaka 1944, na leo inajulikana kwamba mara nyingi chanzo chake ni kirusi cha hepesi. Lakini kabla ya kukubali "bila sababu", kaa na kalamu uandike kila ulichomeza siku mbili kabla ya kila tukio, pamoja na cha hedhi, cha jino, cha mafua na ulichopewa na shoga yako kazini.

Nani mwingine anatakiwa kujua?

Taarifa ya madhara ya dawa hupelekwa TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba) kwa Tanzania, na Bodi ya Famasia na Sumu kwa Kenya; mwombe mfamasia wa hospitali akusaidie kujaza. Kwenye faili lako la kliniki, dawa iliyokudhuru iandikwe kwenye jalada la nje, kwa sababu ndani hapasomwi.

Halafu watu wa nyumbani. Siku ukiwa hujitambui ndio watakaojibu maswali. Mimi nina kadi ngumu ndani ya pochi, nyuma ya kitambulisho: "Nina lupasi. Natumia prednisoloni. Nilipata meninjitisi mara mbili kwa ibuprofeni. Nisipewe ibuprofeni, diklofenaki wala dawa za kundi hilo." Nakala nyingine mama ameibandika kwenye mlango wa kabati la vyombo. Na mwanangu, yule niliyemtuma dukani siku ile, sasa ana miaka 14, na akienda duka la dawa harudi mpaka jina limeandikwa kwenye bahasha.